Kutoka Mivukuto hadi Argoni: Historia ya Kuchomelea Chuma Songea

Kabla ya umeme, chuma katika nchi ya Songea kiliungwa kwa makaa na nyundo. Kaskazini-magharibi, katika milima ya Livingstone karibu na Liganga penye mawe ya chuma, Wapangwa walikuwa wahunzi waliosifika, wakiyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo na kufua majembe, mashoka na mikuki. Wangoni, walioingia Ruvuma katikati ya karne ya 19 na kusimamisha tawala mbili za Mshope na Njelu, walihitaji mkuki vitani na jembe shambani, hivyo hawakuweza kuishi bila mhunzi. Ili kuunga vipande viwili, mhunzi alivizika ndani ya makaa, msaidizi akavuta mivukuto ya ngozi mpaka chuma kikaanza kutoa cheche, kisha vikapigwa pamoja upesi kabla havijapoa. Kiungo hicho kilikuwa imara, lakini kiliwezekana kwa kifaa kinachobebeka hadi motoni tu.

Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni Peramiho, magharibi ya mji wa Songea, mwaka 1898. Vita vya Majimaji viliiteketeza mwaka 1905. Ilipojengwa upya, karakana zake zikawa mahali pa vijana wa Ungoni kujifunzia useremala, uashi na uhunzi wa kisasa. Wakati huohuo majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yalizidi kuingia kwa bei nafuu. Matanuri ya kuyeyushia yakazimika moja baada ya jingine, na mhunzi aliyebaki akawa anafua chuma chakavu.

Ulaya nayo ilikuwa imeshapata moto mwingine. Mwaka 1881 Nikolai Benardos aliunganisha chuma kwa tao la umeme linalowaka kati ya kijiti cha kaboni na kazi yenyewe. Mswidi Oscar Kjellberg, aliyekuwa akitengeneza meli huko Gothenburg, ndiye aliyeifanya njia hiyo ifae kwa kazi ngumu. Mwaka 1904 alianzisha kampuni ya ESAB, na katika miaka iliyofuata akaipa rodi ya chuma koti la madini. Koti hilo linapoungua hutoa moshi unaozuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka, na huacha gamba linalofunika mshono unapopoa. Kila rodi inayochomwa leo katika karakana za Mfaranyaki, Majengo au Lizaboni mjini Songea inafuata wazo hilohilo.

Songea, pasipo na umeme wa kutosha, iliyofaa kwanza ni gesi. Asetilini hupatikana kwa kumwagia maji mawe ya kabaidi, na oksijeni ilianza kutengenezwa nchini na kampuni iliyokuja kuitwa Tanzania Oxygen, iliyoanzishwa mwaka 1950. Lakini mitungi ilipaswa kusafiri kutoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 950. Reli ya TAZARA, iliyofika Makambako katika miaka ya 1970, na barabara ya lami ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza na kukamilika katika miaka ya 1980, ndizo zilizoufungulia mji chuma cha dukani: nondo, engo, flati baa na mabomba ya mraba. Pamoja na bidhaa hizo yalikuja malori yenyewe, na malori huvunjika.

Umeme wa Songea wakati huo ulitoka kwenye jenereta za dizeli za shirika la umeme, TANESCO, nje ya gridi ya taifa. Mgao ulikuwa sehemu ya maisha, na fundi alipanga kazi kufuatana na saa za umeme. Mashine iliyohimili hali hiyo ni transfoma ya kienyeji, na inastahili heshima kuliko inavyopewa. Moyo wake ni mabati membamba ya chuma yaliyopangwa na kubanwa pamoja, yakazungushiwa waya wa aina mbili: mwembamba wa mizunguko mingi upande wa kuingizia umeme, na mnene wa mizunguko michache upande wa kuutoa. Volti 230, au 400 kwa mashine inayofungwa kwenye fezi mbili, hushuka hadi kati ya 50 na 80, na ampea hupanda kupita 100. Waya mnene hutolewa matawi kadhaa, kila tawi na boliti yake. Fundi anayechomelea grili kwa rodi ya milimita 2.5 hufunga kebo kwenye boliti ya ampea 60 hadi 90. Akihamia geti zito kwa rodi ya milimita 3.2, hulegeza nati na kuipeleka boliti ya juu, 90 hadi 130. Hakuna kitufe, hakuna feni, na ubaya wake ni kwamba boliti hizo ziko wazi. Nati iliyolegea hupata moto, huunguza waya, na baada ya muda mashine hunuka vanishi. Kwa hiyo matengenezo yake makubwa ni spana, kitambaa kikavu, na kusuka waya upya unapoungua.

Baada ya mgao wa umeme, adui wa pili alikuwa mvua, ambayo Songea hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Rodi iliyonyonya unyevu hurusha cheche ovyo na kuacha mshono wenye vitundu. Rodi za kawaida za 6013 huvumilia kwa kiasi, na mafundi wengi huzianika juani au karibu na jiko. Zile za 7018, zinazotakiwa kwa fremu za magari, hazisaidiwi na jua: hutaka oveni ya nyuzi 300 au zaidi. Ardhi iliyolowa iliongeza pia hatari ya kupigwa na umeme, na viatu vikavu vyenye soli ya mpira vilikuwa kinga ambayo wengi walikosa.

Mambo yalibadilika kwa hatua mbili. Mwaka 2015 mtambo wa maji wa Tulila, uliojengwa na masista Wabenediktini wa Chipole katika Mto Ruvuma, ulianza kuiuzia TANESCO umeme. Kisha mwaka 2018 njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba, yenye urefu wa kilomita 250 hivi na iliyofadhiliwa na Uswidi pamoja na serikali, iliiingiza Songea katika gridi ya taifa. Kwa mchomeleaji hii ilimaanisha siku nzima ya kazi, na ilifungua mlango kwa inveta. Mashine hii huugeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu na kuukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo transfoma yake hutosha kuwa ndogo sana. Uzito hushuka kutoka makumi ya kilo hadi kilo chache, na fundi anaweza kuifuata kazi nyumbani kwa mteja.

Inveta nyingi hufanya pia kazi ya TIG, njia iliyobuniwa na Russell Meredith katika kiwanda cha ndege cha Northrop, Marekani, mwaka 1941, ili kuunga magnesi. Tao huwaka kwenye ncha ya tangsteni isiyoyeyuka, na gesi ya argoni ndiyo inayofanya kazi ya koti la rodi. Kwa chuma cha pua tochi hufungwa upande hasi na ethi upande chanya, kinyume na 7018, ambayo kwa kawaida hutaka chanya. Gesi hutosha lita 8 hadi 10 kwa dakika. Kwa alumini mkondo mnyoofu hautoshi. Hutakiwa mashine yenye mkondo geu, nayo ni ghali zaidi. Karakana ya kando ya barabara, isiyo na ukuta, ndiyo kikwazo kikubwa: upepo wa Juni na Julai hupeperusha argoni, na mshono hugeuka mweusi. Tangsteni nayo hunolewa kwa urefu wake, kwenye jiwe lisilogusa chuma cha kawaida. Ikigusa kazi iliyoyeyuka, ncha huchafuka na lazima inolewe tena. Vijana hufundishwa nidhamu ya kazi hii katika vyuo kama kituo cha Songea cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Inveta inataka uangalizi ambao mashine ya zamani haikuudai. Feni yake huvuta vumbi la grainda, lililojaa chembe za chuma, na chembe hizo zikitua kwenye sakiti huleta shoti. Inapasa ikae mbali na grainda, ichomolewe na kuachwa itulie, kisha ipulizwe kwa hewa kavu mara kwa mara. Umeme unaoyumba huiunguza, na transistari zake haziwezi kusukwa karakanani kama waya. Ndiyo maana karakana nyingi huweka zote mbili: inveta kwa grili, milango na chuma cha pua, na mashine ya kienyeji kwa matela ya trekta na mabodi ya malori yanayobeba makaa ya mawe ya Ngaka, ambayo machimbo yake wilayani Mbinga yalianza uzalishaji mwaka 2011.