Kichujio cha hiari

Kichujio cha hiari ni sharti linaloongezwa kwenye ulizo la kanzidata pale tu mtumiaji wa programu ya wavuti anapolijaza. Akiliacha wazi, ulizo hupita kana kwamba sharti hilo halikuwapo.

Majina ya mahali nchini Tanzania yanaonyesha haja yake. Tuseme kuna Mpale wilayani Handeni na nyingine wilayani Korogwe, zote mkoani Tanga. Anayeandika "Mpale" peke yake anastahili kuletewa zote mbili, kila moja na wilaya yake. Anayeongeza "Korogwe" abaki na moja. Kumlazimisha kila mtu kuchagua wilaya kwanza ni kumfungia mlango yule ambaye wilaya ndiyo anayoitafuta.

Makosa mengi huanzia kwenye kisanduku kitupu. Fomu ya wavuti kwa kawaida hukipeleka kwenye seva kama maandishi yasiyo na herufi hata moja, na programu isiyokagua huiagiza kanzidata itafute Mpale ambayo wilaya yake haina jina. Jibu ni orodha tupu. Kupeleka NULL, alama ya thamani isiyokuwapo, nako hakuokoi: katika SQL, lugha ya maulizo ya kanzidata, kulinganisha kitu na NULL kwa alama ya sawasawa hakuleti kweli wala si kweli, bali "haijulikani", na rekodi inayolinganishwa huachwa nje. Kwa hiyo uamuzi ufanyike ndani ya programu, kabla ulizo halijatumwa: kisanduku kimejazwa, sharti liongezwe, hakikujazwa, lisiongezwe.

Wengine huandika ulizo moja lisilobadilika, lenye "wilaya haikutajwa, au wilaya ni hii" kwa kila kichujio. Ni fupi, lakini katika jedwali kubwa kanzidata inaweza kushindwa kutumia faharasa yake vizuri. Kujenga masharti moja baada ya jingine ni bora.

Thamani aliyoandika mtumiaji isigandishwe kamwe ndani ya maandishi ya ulizo. Ipelekwe kando kama kigezo. Zaidi ya kumzuia mdukuzi, Kiswahili chenyewe kinadai hivyo: ritifaa ya Ng'ambo, Unguja, inatosha kulikata ulizo lililoungwaungwa.

DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, hutumia vichujio vya hiari: vichujio huambatishwa kwenye anwani ya ombi kimoja kimoja, na kisichotajwa hakihesabiwi.

Kichujio cha wilaya kitumie msimbo wa eneo, si jina, kwa sababu jina huweza kubaki huku mipaka ikibadilika, au kubebwa na maeneo mawili. Wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002, na leo Handeni na Korogwe kila moja ina halmashauri ya mji na ya wilaya.