Dalili ya Mvua ni Mawingu: Malawi, Mahindi na Njaa ya Mwaka 2002

Ndugu msomaji, ukivuka mto Songwe pale Kasumulu, wilayani Kyela, unaingia Karonga, kaskazini mwa Malawi. Majirani zetu hawa hula ugali kama sisi, ila wao huuita nsima, na mahindi huyaita chimanga. Wana msemo usemao "chimanga ndi moyo", yaani mahindi ni uhai. Historia yao inaonyesha ukweli wa msemo huo kwa namna chungu, nayo ina somo kwa kila raia.

Kwanza tuielewe kalenda ya mkulima. Sehemu kubwa ya Malawi, kama ilivyo nyanda zetu za juu kusini, ina msimu mmoja tu wa mvua. Mkulima hupanda mvua za kwanza zinaponyesha, Novemba au Desemba. Kati ya Januari na Februari mhindi huchanua mbelewele na kutoa ndevu. Hizo ndizo wiki za hatari. Jua likiwaka wiki mbili au tatu mfululizo wakati huo, ndevu hukauka kabla ya kupokea chavua, na hindi hutoka na punje chache. Mvua ikirudi baadaye, shamba litaonekana la kijani, lakini mavuno yamekwisha kupotea. Mvua ikizidi nayo ina madhara yake: huchukua rutuba ya udongo, huozesha mizizi na kusomba mashamba ya mabondeni.

Mavuno huingia ghalani kuanzia Aprili. Kwa hiyo familia nyingi huishiwa chakula Januari hadi Machi, wakati palizi inadai nguvu nyingi kuliko wakati wowote.

Hayo hayakuanza jana. Mapema mwaka 1949, nchi hiyo ikiitwa Nyasaland chini ya Waingereza, mvua zilikatika kusini, hasa katika maeneo ya Blantyre. Njaa kali haikufika siku hiyo. Ilifika mwishoni mwa mwaka, akiba ndogo zilipokwisha. Mwanahistoria Megan Vaughan aliyeichunguza njaa hiyo alisikiliza nyimbo za wanawake walizoimba wakitwanga. Aligundua kuwa walioumia zaidi ni wanawake walioachwa na waume zao, pamoja na wazee na watoto. Mvua iliwakatikia wote, bali njaa haikuwagawia wote sawa.

Sasa tuje karibu zaidi. Mwaka 2000 Malawi ilivuna takriban tani milioni 2.5 za mahindi. Mvua zilikuwa njema, na serikali kwa msaada wa wafadhili ilikuwa imewagawia wakulima wadogo vifurushi vya mbegu na mbolea. Msimu uliofuata vifurushi vilipunguzwa, na mapema mwaka 2001 mvua kubwa na mafuriko vikaharibu mashamba. Mavuno yakashuka kwa takriban theluthi moja.

Tafadhali itazame kalenda hiyo kwa makini. Upungufu ulionekana shambani kabla ya Aprili 2001, na miezi ya njaa ingeanza karibu na Januari 2002. Palikuwa na muda wa kutosha kujiandaa. Muda huo ulitumikaje? Wakuu waliambiwa kwamba mihogo na viazi vitamu vingeziba pengo. Akiba ya taifa ya nafaka, zaidi ya tani 160,000, ikauzwa. Serikali ilisema ilifuata ushauri wa Shirika la Fedha la Kimataifa; shirika nalo likajibu kwamba lilishauri akiba ipunguzwe, wala halikusema imalizwe. Mahindi yaliyoagizwa kutoka nje yakachelewa njiani, na bei sokoni ikapanda mara kadhaa.

Rais Bakili Muluzi alitangaza hali ya maafa tarehe 27 Februari 2002. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kula mahindi mabichi yasiyokomaa, pumba na mizizi ya porini, na wengine walikuwa wamekufa. Kipindupindu kikaongeza msiba. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo: wapo wanaotaja mamia, wapo wanaotaja maelfu.

Miaka mitatu baadaye mtihani ulirudi. Mwaka 2005 mvua zilikatika wakati mahindi yanachanua, na mavuno yakashuka hadi takriban tani milioni 1.2. Rais Bingu wa Mutharika akaanzisha ruzuku ya mbolea na mbegu, ingawa baadhi ya wafadhili waliipinga. Mwaka 2007 mavuno yalipita tani milioni 3, na Malawi ikauza mahindi Zimbabwe. Wapo waliosema ni ruzuku, wapo waliosema ni mvua njema. Mkulima atakwambia kuwa mbolea bila mvua huunguza mche, na mvua bila mbolea hustawisha magugu. Vyote viwili vilihitajika.

Kisha ukaja ukame wa El Niño. Safari hii Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 mwezi Machi 2024, kabla mavuno hayajaanza. Tangazo halikujaza ghala wala halikuondoa shida, na wengi walihitaji msaada. Lakini lilitolewa mwanzoni mwa mwaka wa dhiki, ilhali lile la 2002 lilitolewa karibu na mwisho wake.

Ndugu msomaji, waliotutangulia walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya njaa ni mbelewele iliyokauka Februari. Anayeiona kwanza ni mkulima. Mwenye wajibu wa kumsikiliza ni kiongozi. Nasi Tanzania tunao Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, tuna madiwani na wabunge. Mvua zikikatika mahali ulipo, usingoje Januari. Uliza mapema kwenye mkutano wa kijiji: mavuno yatatosha hadi lini? Ghalani kuna tani ngapi? Nani ameruhusu ziuzwe? Mvua haijibu maswali yetu, lakini viongozi tuliowachagua wanapaswa kuyajibu. Akiba haiozi, maadamu yupo anayeilinda.