Mtungi wa Mama Mdogo na Baridi ya Kilolo



Julai moja nilikuwa Kilolo kwa mama mdogo. Mnaoijua baridi ya kule mwezi huo hamhitaji maelezo. Alfajiri nikamkuta jikoni kasogeza jiko la mkaa, makaa mekundu kabisa, hadi ubavuni mwa mtungi wa gesi wa kilo 6.

"Shikamoo mama. Unafanya nini hapo?"

"Marahaba mwanangu. Gesi imeganda, naipasha moto."

Sijawahi kukimbilia habari kwa kasi niliyoliondolea jiko lile. Baadaye tukinywa chai akauliza: "Kwani hii si ndiyo gesi yetu ya Mtwara?" Nikaona swali hili lina historia, tena historia ambayo wengi wetu tunaipindua.

Jibu ni hapana. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa na AGIP ya Italia mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Ile ya Songo Songo ilingoja miaka 30 hadi ilipoanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, kufua umeme na kuendesha viwanda. Karibu yote ni methani, ambayo lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ndipo igeuke kimiminika kwa shinikizo la kawaida. Haiwezi kukaa kimiminika kwenye mtungi wa jikoni.

Ya mama mdogo ni propani na butani. Inaingia nchini kwa meli, kisha malori yanaipandisha Kitonga. Historia yake inaanzia Marekani mwaka 1910, pale mkemia wa serikali Walter Snelling alipochunguza malalamiko ya mwenye gari ambaye petroli yake ilikuwa inatoweka kabla hajafika nyumbani. Akagundua kuwa zinazotoroka ni propani na butani, na kwamba zikikandamizwa zinakuwa kimiminika. Hapo ndipo safari ya mtungi ilipoanzia.

Ndani ya mtungi basi mna kimiminika kinachochemka kuwa gesi. Propani huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri kabisa. Baridi ikizidi, butani inakuwa mvivu na moto unalegea. Haijaganda! Ukiiwekea makaa, shinikizo linapanda, valvu ya usalama inafunguka na gesi inamwagikia moto ulioukoka mwenyewe. Mbaya zaidi, mtungi unaweza kupasuka. Dawa ni kupika kwa moto mdogo na kuvuta subira jua litoke.

Jambo la pili: gesi hii ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, na nyumba za baridi madirisha hufungwa. Ikifika asilimia kama 2 tu ya hewa, cheche ya swichi inatosha.

Na ile harufu ya yai bovu? Si ya gesi yenyewe, imetiwa. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London, Texas, ililipuka. Ilikuwa ikitumia gesi asilia isiyo na harufu, ambayo ilivuja na kujaa chini ya jengo bila mtu kujua. Wanafunzi na walimu karibu 300 walikufa. Texas ikatunga sheria gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea duniani. Kwa hiyo ukiisikia harufu ile, ujue imelipiwa kwa maisha ya watoto. Usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toeni watu nje. Kutafuta panapovuja tumia povu la sabuni, kamwe si kiberiti.

Mwaka 2024 serikali iliweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Naliunga mkono, moshi umetuulia mama zetu vya kutosha. Ila mitungi inapanda Kitonga kwa kasi, na maelezo yamebaki bondeni. Mama mdogo si mjinga. Aliuziwa mtungi, akaonyeshwa jinsi ya kuwasha, basi. Hakuna aliyemwambia kuhusu Julai.

Wewe mwenye mama, shangazi au bibi kijijini, ukimnunulia mtungi, kaa naye jikoni nusu saa umweleze. Nawasilisha.