Soget: dawa ya Wakipsigis iliyowashinda viwavijeshi

Mwenye hamu ya kuona mmea ulao wadudu, ule wa jamii ya Nepenthes unaowanasa ndani ya mtungi wake na kuwayeyusha humo humo, asihangaike kuutafuta Kericho. Ya karibu nasi humea Madagaska na Shelisheli. Lakini msitu wa Mau Kusini Magharibi, unaopakana na mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, una mti wenye ugomvi wa namna nyingine na wadudu: haumli mdudu, ila humfanya mdudu ashindwe kula. Wakipsigis huuita soget. Wamaasai husema osokonoi, Wakikuyu muthiga.

Utautambua kwa jani lake linalong'aa, ambalo uti wake wa kati umekaa upande kidogo. Bandua kijipande cha gome ukitafune. Mwanzoni utaonja uchungu mdogo tu, ukadhani umedanganywa. Subiri. Ukali unaanza kwenye ncha ya ulimi, unatambaa hadi kooni, na mdomo mzima unawaka pilipili. Gome hilo ndilo wazee wa hapa walitafuna kwa kikohozi na jino linalouma, wakalichemsha kwa maumivu ya tumbo na homa. Hospitali ya Tenwek, Bomet, ilimpata Dakta Ernest Steury kutoka Marekani mwaka 1959. Kabla yake, na hata baada yake, dawa iliyokuwa karibu na mlango ilitoka mtini.

Wataalamu wa mimea waliufikia mti huu kwa majina kwanza. Mjerumani Adolf Engler aliipa jenasi jina la Warburgia mwaka 1895, kwa heshima ya mwenzake Otto Warburg. Spishi yetu, Warburgia ugandensis, ilielezwa rasmi mwaka 1906 na Thomas Sprague wa bustani ya Kew, Uingereza. Kuhusu kazi ya gome, sayansi ilikaa kimya miongo mingi.

Katika kimya hicho msitu ulikuwa ukifyekwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwatengea maofisa wake waliojeruhiwa vitani ekari 25,000 Kericho, kwenye ardhi ya Wakipsigis, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na chai. Mwaka 1986 ukaja mpango wa ukanda wa chai wa Nyayo, chai iliyopandwa pembezoni mwa misitu iwe ua wa kuilinda. Ua wenyewe ulikatiwa ndani ya ardhi ya msitu, jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini.

Jibu kuhusu gome lilitoka Nairobi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiliwavuta wakemia wawili Wajapani, Koji Nakanishi na Isao Kubo. Walichotafuta ni kitu cha kumzuia kiwavijeshi, yule anayeweza kumaliza shamba la mahindi kwa siku chache. Jaribio lenyewe halikuwa na makuu: unakata vipande vya duara vya jani la mahindi, vingine unavipaka dawa iliyokamuliwa mtini, vingine unaviacha hivyo hivyo, kisha unamwachia kiwavi achague. Viwavi walikula visivyopakwa, vya soget wakaviacha. Mwaka 1976 Nakanishi, Kubo na wenzao walitangaza kiini chake, wakakiita warburganali. Chembe zake hujishikiza kwenye protini za viungo vya kuonjea vya mdudu, na mdudu aliyeionja huweza kulisusa hata jani safi.

Ndugu yake kikemia, poligodiali, imo pia kwenye soget, na imo kwenye tade, mmea mkali ambao Wajapani hula na samaki mbichi. Maabara zimeonyesha kwamba poligodiali huua kuvu aina ya Candida, basi waliotafuna gome kwa ajili ya vidonda vya mdomo hawakuwa wakibahatisha. Hata hivyo, kuua kuvu kwenye kisahani cha maabara si kumponya mgonjwa. Sijaona jaribio la wagonjwa linaloniruhusu kuandika hapa kwamba soget hutibu malaria, ingawa wauzaji wa unga wake hutamka hivyo bila kupepesa macho. Warburganali yenyewe hudhuru hata seli hai, na haikuwahi kuwa dawa ya kawaida ya shambani. Kiwavijeshi kutoka Amerika alipovamia mahindi ya Kenya mwaka 2017, wakulima walikimbilia dukani.

Hasara kubwa imebaki kwa mti. Ukiuchuna gome kulizunguka shina lote, chakula kinachotoka kwenye majani hakifiki mizizini, nao hufa wima. Afrika Kusini, kwa soget ya kwao, Warburgia salutaris, watafiti walipima majani na gome wakaona kemikali zake zinakaribiana, wakashauri majani yatumike badala ya gome.

Ewe mkulima wa chai wa Konoin au Litein, panda soget mpakani mwa shamba lako, na mbegu uzipande zikiwa mbichi kwa kuwa zikikauka hazioti. Ukihitaji dawa, chuma majani. Na mtoto akipata homa, mpeleke zahanati apimwe damu kwanza.