Kanuni za Mchezo ni za Nani?

Utotoni tulicheza gololi, na kila mtaa ulikuwa na kanuni zake. Mgeni aliuliza kwanza: "Hapa mnachezaje?" Swali hilo hunirudia kila niifikiriapo historia ya michezo ya kompyuta.

Mwaka 1998 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa mchezo wa Half-Life. Watu wengi waliweza kuucheza pamoja kupitia intaneti, wakikutana kwenye seva, yaani kompyuta inayousimamia mchezo. Lakini injini yake ilikuwa imefungwa. Mwenye seva hakuweza kuifungua. Ndipo ikatungwa Metamod, programu iliyokaa kati ya injini na kanuni za mchezo, ikisikiliza yanayopita baina yao. Juu yake ikajengwa AMX Mod. Sasa mwenye seva aliandika mistari michache tu, akaweza kupigisha kura, kumtoa mkorofi, hata kuugeuza mchezo wenyewe.

Baadaye kazi ya kuiendeleza AMX Mod ilizorota. Lau ingalikuwa siri ya mtu mmoja, ingaliishia hapo. Lakini leseni yake ilimruhusu yeyote kuisoma, kuirekebisha na kuigawa, mradi naye asiwafiche atakaowagawia yale aliyorekebisha. Mwaka 2004 wengine wakaipokea, wakaiita AMX Mod X.

Gololi zetu zilikwisha potea zote. Kanuni zetu hazikupotea, kwa kuwa kila aliyeuliza tulimfundisha.