Mtemi, Ardhi na Nasaba: Ukoo wa Makwaia wa Usiha

Miaka kadhaa iliyopita tulihudhuria matanga katika kijiji kimoja kisicho mbali na Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu. Ibada ilipokwisha, mzee wa ukoo alisimama akazihesabu nasaba za marehemu: majina tisa, baba kwa baba, bila kusita. Kisha akatangaza kwamba shamba la marehemu lisingekwenda kwa mjane wala kwa binti zake wawili, kwa kuwa hiyo ndiyo mila ya Wasukuma tangu mwanzo. Sisi tuliovaa kanzu siku ile tulinyamaza. Tulikuwa tayari kumjibu kwa Hesabu 27, habari za binti za Selofehadi, lakini juu ya neno lile "tangu mwanzo" hatukuwa na la kusema, maana historia ya nchi tuliyoihudumia hatukuwa tumeisoma.

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza neno hilo kwa kuufuata ukoo mmoja unaojulikana sana katika nchi hiyo, yaani ukoo wa Makwaia, watemi wa Usiha, au Busiya kama wenyewe wanavyoiita.

Yafaa kwanza tueleze mtemi alikuwa nani. Wengi huliunganisha jina hilo na kitenzi kutema, yaani kukata: mtemi wa kwanza ndiye aliyekata pori watu wakapata mahali pa kulima, au, kama wengine wasemavyo, ndiye aliyekata mashauri. Kwa vyovyote vile jina linataja kazi, halitaji mali. Mtemi hakuuza shamba. Aliisimamia nchi, akaiombea mvua, akapokea ushuru wa nafaka, na ghala yake ilitarajiwa kuwalisha watu wakati wa njaa. Pembeni yake walikuwapo banang'oma, wazee wa baraza la ndani, ambao walimchagua na waliweza kumwondoa. Makao yake yaliitwa ikulu. Na msomaji atakumbuka kwamba Taifa zima limeliazima neno hilo kutoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Watemi wa namna hiyo katika Usukuma walikuwa takriban 50, kila mmoja na nchi yake, wala hapakuwa na mfalme mmoja juu yao.

Sasa, nani alimrithi mtemi? Hapa ndipo mzee wetu wa matanga angeshangaa. Katika temi nyingi za Usukuma, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kiti hakikwenda kwa mwana wa mtemi bali kwa mwana wa dada yake. Banang'oma walimtafuta mrithi miongoni mwa wapwa. Damu ya utemi ilipitia tumboni mwa wanawake, na mtu aliyetaka kuijua nasaba ya mtawala alipaswa kuwajua mama zake. Hata kwa watu wa kawaida jambo hili halikuwa geni, kwa sababu mahari ya ng'ombe ndiyo iliyoamua mtoto ni wa nani: ng'ombe wakitolewa, watoto ni wa ukoo wa baba; wasipotolewa, watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wao.

Desturi hii ya watemi ilibadilika katika muda wa kizazi kimoja au viwili, na serikali za kigeni zilichangia sana. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walihitaji mtu mmoja wa kukusanya kodi, na walipenda mtu huyo afuatwe na mwanawe, kama ilivyokuwa kwao. Tukumbuke walikotoka. Katika Uingereza ya zamani za kati, baada ya Wanormani kuiteka mwaka 1066, ardhi yote ilihesabiwa kuwa imeshikwa kutoka kwa mfalme. Mwaka 1086 ikaandikwa katika kitabu kikubwa, na tangu karne ya 13 kila mshika ardhi wa mfalme alipokufa makarani walifanya uchunguzi: alishika nini, alikishika kutoka kwa nani, mrithi wake ni nani, na ana umri gani. Kwa kawaida mrithi alikuwa mwana wa kwanza wa kiume. Nasaba za mabwana wale tunazijua leo kwa sababu hazina ya mfalme ilitaka kujua nani atalipa. Watu waliozoea kuandika namna hiyo walipofika Shinyanga na kuuliza, "Baba yake ni nani?", waliandika jibu la swali walilouliza. Jina la dada halikuulizwa. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, ikawafanya watemi kuwa watumishi wa serikali wenye mshahara, na kiti chenye mshahara baba hapendi kukiacha kiende kwa mpwa.

Katika hali hiyo ndipo Makwaia, mwana wa Mwandu, alipotawala Usiha. Enzi zake mbung'o walikuwa wakiisogelea nchi, na Swynnerton, mtaalamu wa serikali aliyeweka kituo chake Shinyanga, aliwategemea watemi wawaite watu kwa maelfu kwenda kukata vichaka. Mtemi akarudia kazi ya jina lake, safari hii kwa amri ya ofisi ya wilaya. Mwaka 1945 mwanawe Kidaha, aliyezaliwa mwaka 1922 na kusoma Tabora na Makerere, alishika kiti. Mwaka huohuo yeye na Mangi Abdiel Shangali wa Machame waliteuliwa kuwa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Alikwenda pia kusoma Oxford. Alilelewa katika nyumba ya Kiislamu, akabatizwa katika Kanisa Katoliki na kuitwa David. Ndugu yake Hussein, aliyekalia kiti baada yake, alibaki na jina lake. Nyumba moja ya Usiha ilibeba dini mbili na utemi mmoja, jambo ambalo wachungaji wa Shinyanga hawaoni ajabu yake.

Kuna habari moja ya Kidaha ambayo kwa maoni yetu haijapewa uzito inaostahili. Mwaka 1953 aliteuliwa kuwa mjumbe wa Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki iliyoongozwa na Sir Hugh Dow. Yeye alikuwa mjumbe Mwafrika pekee. Taarifa ya tume, iliyotolewa mwaka 1955, ilipendekeza ardhi iondolewe katika mikono ya ukoo na kabila, ipimwe, na imilikiwe na mtu mmoja mmoja. Basi mrithi wa wale waliokata pori kwa ajili ya wote aliweka sahihi yake chini ya pendekezo hilo. Hatumhukumu. Alikuwa ameona ardhi ya Usukuma ikichoka kwa wingi wa watu na mifugo, na alikuwa ameona Mwadui, ambako Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kwamba mila haikuwa na nguvu juu ya kilicho chini ya udongo. Lakini serikali ilipotaka kuifuata njia hiyo mwaka 1958, Julius Nyerere aliipinga kwa maandishi katika "Mali ya Taifa", akishikilia kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu isiyouzwa. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, mashamba ya miliki ya kudumu yaligeuzwa kuwa ya kupanga kwa serikali, na mwaka huohuo utemi ukafutwa kisheria. Kidaha aliishi hadi mwaka 2007.

Lakini mwaka 1963 ulizaa jambo la tatu, nalo ndilo linalotugusa sisi wa makaburini na matanga. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alikuwa amechapisha kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, na kazi ya kuziandika mila za makabila iliendelea hadi ikatolewa tamko la serikali. Katika tamko hilo la 1963 mwana wa kwanza wa kiume aliwekwa daraja la kwanza la urithi, wana wengine wa kiume la pili, na mabinti la tatu. Mjane hakupewa fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Mila iliyokuwa ikijadiliwa na wazee chini ya mti ikawa kanuni yenye namba. Wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga waliipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ina ubaguzi lakini ikakataa kuifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba haki zao zimevunjwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa upande wake, imekwisha kutamka kwamba desturi inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Wachungaji wachache huibeba waendapo matanga.

Tunaposoma Mathayo 1 darasani, wanafunzi hutuuliza kwa nini Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria wametajwa katikati ya wanaume wale wote. Tumeanza kuwajibu kwa kuwauliza majina ya mama za bibi zao. Ni wachache wanaovuka wawili.

Yule mzee wa matanga tulimrudia baada ya mavuno. Alitupokea vizuri, akatuletea viti chini ya mwarobaini. Tulimwuliza shamba lile, linalogombaniwa hata sasa, lilifunguliwa na nani. Alifikiri kitambo, akarudi nyuma jina kwa jina hadi la nne, ndipo akasema kwamba babu wa marehemu alikuja hapo akiwa kijana asiye na kitu, akapewa sehemu ya kulima na mjomba wake, kaka wa mama yake. Tulimwomba jina la huyo mama. Akamwita mkewe aliyekuwa akipepeta mtama upande wa pili wa ua, kwa sababu yeye, alisema, ndiye anayekumbuka mambo hayo.