Seva za "Kijani": Ni Umeme Gani Unaoendesha Tovuti Yako?

Tovuti ya shule, duka au chama cha Nyakoe, kaunti ya Kisii, hukaa ndani ya seva, yaani kompyuta iwakayo usiku na mchana katika kituo cha data. Kituo hicho huenda kiko Nairobi, Mombasa, Ujerumani au Marekani. Mwenye tovuti hulipa ada kila mwaka, na gharama ya umeme imo ndani yake. Siku hizi kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huweka alama ya jani na kujiita za kijani. Kabla ya kulipia jani hilo, yafaa kujua linasimamia nini.

Umeme unaotumika

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati, vituo vya data vilitumia karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024. Sehemu ya umeme huo huendesha seva, na sehemu hupoza joto lake. Kipimo kinachotumika huitwa PUE: kituo chenye PUE ya 1.5 hutumia nusu yuniti ya ziada, hasa kwa kupoza, kwa kila yuniti inayofika kwenye kompyuta. Kwa joto la Mombasa, kupoza ni kazi kubwa. Hata hivyo vituo hujengwa hapo kwa sababu nyaya za baharini kama SEACOM, TEAMS na EASSy hutia nanga pwani yetu.

Madai ya aina tatu

La kwanza ni kituo kutumia umeme wa jua, upepo, maji au mvuke moja kwa moja. La pili ni kununua vyeti: kila cheti huwakilisha megawati-saa 1 ya umeme safi uliozalishwa mahali fulani, huku seva yenyewe ikiendelea kutumia umeme wa gridi iliyo karibu nayo. La tatu ni kufidia moshi kwa kulipia miti ipandwe. Matatu haya hayalingani, lakini yote hubandikwa jani lile lile.

Hali ya Kenya

Karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi yetu hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Mei 2024, Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo cha data cha Olkaria kitakachotumia mvuke. Lakini jioni, matumizi yanapopanda, mitambo ya mafuta mazito kama ya Kipevu na Rabai huingizwa kazini. Umeme ukikatika, vituo hutegemea jenereta za dizeli.

Sheria

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria inayozuia madai ya jumla ya kijani yasiyo na ushahidi. Inaanza kutumika Septemba 2026.

Ya kumuuliza muuzaji

- Seva iko mji gani?
- Umeme ni wa chanzo gani, au ni vyeti tu?
- Vyeti ni vya nchi gani na mwaka gani?
- PUE ya kituo ni ngapi?

Asiyejibu anauza jani tu. Na lipo moja lililo mikononi mwa mwenye tovuti: kupunguza uzito wa picha na video. Seva hufanya kazi kidogo, na msomaji wa Nyakoe anayenunua bando la shilingi 20 haliishii njiani.